Mursik Niliyowapa Watu wa Barabara

Jebet mwanangu,

Umeenda Yamumbi kumuaga shangazi yako, na mimi nimekaa hapa mezani jikoni na daftari lako la zamani, lile lililobaki na kurasa nyingi. Ng'ombe hawajarudi kutoka mtoni. Nina muda hadi saa kumi na moja, kisha nitaenda kukamua, na nimejiapia nitakuwa nimemaliza kabla ya hapo, kwa sababu barua hii ikilala humu ndani nitaichoma. Najijua.

Sitakuandikia habari za blanketi, wala maji ya kuchemsha, wala joto la Lodwar. Hayo umeyasikia wiki nzima hadi ukaanza kunimalizia sentensi. Mtu aliyeajiriwa kufundisha watoto wa wenzake hawezi kushindwa na sufuria ya maji.

Nakuandikia kwa sababu kesho nitakufikisha stage ya Chepsaita tu, nikupe barua hii mkononi, kisha utaenda Eldoret peke yako na kutafuta basi la Lodwar peke yako. Nilipokuambia kwamba kuna mkutano kwa chifu saa nne na sitaweza kukusindikiza, uliinuka tu. Ulienda chumbani ukakunja upya nguo zilizokwisha kukunjwa. Ulidhani nimeuweka mkutano mbele yako. Ni kweli nimeuweka, kwa siku hii moja, na ni lazima ujue sababu kutoka kwangu kabla hujaisikia kwa watu.

Nianze na Jumanne, pale maziwa yanapokusanywa. Nilikuwa nyuma ya lile lori nikisubiri mtungi wangu upimwe, na wewe hukujua kwamba nasikia. Cherop, ambaye ulilala naye kitanda kimoja tangu mkiwa na miaka minne, alikuambia mbele ya watu, "Mamako alituuza na kibuyu cha maziwa ya mursik. Ni juu yake hiyo barabara inapita kwetu." Nawe ukamjibu kwa sauti iliyofika hadi kwenye kinu cha posho, "Mamangu hakujua kitu! Alipea wageni mursik vile mtu yeyote angepea. Wachana na yeye kabisa!"

Nilitokea nyuma ya lori. Ulikuja ukanichukua mtungi mkononi, ukanishika kiwiko, ukanitembeza hadi nyumbani kana kwamba mimi ndiye mtoto. Njiani ukasema, "Usijali, Mama. Watachoka tu." Nikasema asante.

Jebet, nilijua.

Nimeiandika na nyumba haijaniangukia, kwa hiyo nitaendelea.

Unakumbuka walipoanza kuja watu wa kupima, ile barabara kubwa ilikuwa maneno matupu. Tuliambiwa itazunguka nje ya mji ili malori yasiingie Eldoret, na kwamba itakuwa ya njia nne, yenye ua wa waya pande zote mbili. Kila mtu alikuwa na wasiwasi wake. Mzee Arap Too alitaka kujua ng'ombe watafikaje kwenye josho. Wenye watoto wadogo waliuliza kuhusu shule, maana iko ng'ambo. Wengine, kama sisi, shamba bado lina jina la babu aliyekufa zamani, na hakuna anayejua ataitwa nani siku ya fidia. Lakini hakuna aliyejua mstari wenyewe unapita wapi. Ramani walikuwa nayo wao.

Siku moja kabla ya ule mkutano wa kwanza, wewe ukiwa chuoni, mpimaji mmoja alipita hapa kuomba maji. Mtu mzima, mwenye kofia pana, mpole sana. Nilimpa maji, nikampa na kiti. Alitandaza ramani yake pale kwenye ukuta wa zizi ili aikunje vizuri, nami nikauliza tu, "Sasa hapa sisi tuko wapi?" Akanionyesha kwa kalamu. "Nyumba yako ni hapa, Mama. Line inapita hapa chini." Nikaufuata ule mstari kwa macho. Ulipita katikati ya shamba la Mama Cherop. Ulichukua zizi lake na kisima chake, ukaiacha nyumba upande mmoja na malisho yote ya mtoni upande wa pili.

Nikauliza, "Na kwangu?"

"Kwako haigusi. Wewe uko sawa kabisa. Lakini usitangaze, wataambiwa wenyewe kwa mkutano."

Nataka uelewe nilichohisi, maana hicho ndicho ninachokionea aibu kuliko yote yaliyofuata. Nilifurahi. Moyo ulinishuka mahali pake baada ya miezi ya kukaa juu juu. Nilimwongezea maji ambayo hakuyaomba. Mama Cherop alikuwa kwake wakati huohuo, nilimsikia akimfokea ndama, na lile pengo la ua kati yetu lilikuwa wazi kama siku zote. Ni hatua thelathini. Ningeweza kupita nikamwambia, "Njoo uone kitu kabla huyu mtu hajaondoka."

Na huyo si jirani tu. Ulipozaliwa, baba yako alikuwa safarini na gari la mahindi, na mvua ilikuwa imekata njia. Mama Cherop ndiye aliyekupokea, kwa mikono yake, kwenye chumba unacholala hadi leo. Akanikamulia ng'ombe siku tisa, naye alikuwa na Cherop mgongoni. Pengo la ua tulilikata pamoja wiki hiyo ili asizunguke barabarani na ndoo, na halikuwahi kufungwa miaka yote hii.

Sikwenda. Nilijiambia kwamba yule mtu amenikataza. Nilijiambia mstari unaweza kubadilika, kwa nini nimtie jirani hofu bure. Nilijiambia kesho ataambiwa na wakubwa, kwa njia nzuri, na maswali yatajibiwa. Nilikuwa na sababu nyingi sana jioni ile, zote za heshima. Ukweli ni kwamba niliogopa nikipiga kelele, mstari utasogezwa, na ukisogezwa mahali pa kusogezwa ni hapa kwangu tu. Upande ule wa pili ni mto.

Halafu mkutano. Chifu alikuwa ameniomba niandae mursik ya wageni, kama ninavyoombwa kila mara. Unajua kazi yangu. Nilichagua vibuyu viwili vilivyokaa siku sita, nilivyovisugua ndani kwa mkaa wa mti wa senetwet hadi maziwa yakawa na ile rangi ya majivu ambayo watu husema ni yangu peke yangu. Na ni nani aliyenisaidia kuvibeba? Mama Cherop. Alinishikia kimoja, akafuta mdomo wa kibuyu kwa leso yake, akaniambia, "Leo umewaweza."

Wakubwa walishuka magarini, nami nikamnyanyulia mkubwa wao kibuyu hadi mdomoni, kama tunavyowafanyia wakimbiaji wakirudi nyumbani na ushindi. Akanywa, maziwa yakabaki kwenye masharubu, watu wakacheka na kupiga makofi. Mimi nilicheka zaidi. Mtu mmoja akapiga picha. Kisha walisoma karatasi ndefu kwa Kiingereza, chifu akatufupishia kwa maneno machache, wakauliza kama kuna swali. Mzee Arap Too akauliza lile la josho, akaambiwa litaangaliwa. Mama Cherop hakuuliza chochote. Angeuliza nini? Hakujua kuna la kuuliza. Nilikuwa nimekaa karibu naye kiasi kwamba mabega yetu yaligusana, na nikaangalia viatu vyangu hadi mkutano ukafungwa kwa maombi.

Miezi miwili baadaye ripoti ilibandikwa ofisini kwa chifu. Picha yangu iko ukurasa wa pili. Nimeinua kibuyu, meno yote nje, na chini yake wameandika kwamba wenyeji wameupokea mradi kwa furaha na kuubariki kwa mujibu wa mila zao. Sisi hatujawahi kumnyima mgeni mursik. Hata mgeni tusiyemtaka hunywa kwanza, kisha tunamwambia hatumtaki. Lakini wale hawakujua hilo, au walijua, na sisi tuliwanywesha tu, sehemu ya pili hatukuifanya. Na mimi peke yangu ndiye niliyekuwa na habari ya kuifanya.

Siku waliyopigilia vigingi na kupaka rangi nyekundu kwenye ukuta wa kisima chake, Mama Cherop alipita kwenye pengo akikimbia, kichwa wazi, machozi hadi shingoni. Akanishika mikono. "Wewe ulikuwa unajua hii maneno?"

Nikamjibu, "Hata mimi nimeshtuka."

Ile ya kwanza ilikuwa kunyamaza. Hii ilikuwa uongo, niliutoa mdomoni mwangu huku nimemshika mikono. Nikamkalisha, nikampikia chai, nikalia naye. Na machozi yangu yalikuwa ya kweli, ndilo jambo ambalo hadi leo silielewi. Wiki mbili hazikuisha. Yule mpimaji mpole alirudi kurekebisha kigingi, akamwambia bila ubaya wowote, "Kwani yule mama jirani hakukuambia? Mimi nilimwonyesha kitambo." Mama Cherop hakuja kunigombeza. Asubuhi nilikuta pengo limejazwa matawi ya miiba, yamefungwa kwa waya.

Ulipomaliza chuo ukarudi, uliniuliza yale matawi ni ya nini. Nikasema ni ndama wake wanapitapita.

Hujui nyumba hii ilivyokuwa kabla hujarudi. Hakuna aliyenitukana. Laiti wangenitukana. Kanisani wananisalimu, wananipa mkono, kisha mkono unaondoka haraka. Chama cha akina mama kilihamisha zamu yangu ya kupokea wageni hadi "tutakuambia". Wakati wa kupukuchua mahindi nilipukuchua peke yangu, na mashine ya jirani yangu ilinguruma ng'ambo ya ua, watu kumi wakicheka. Na katika harusi ya mwana wa Mzee Arap Too, waliagiza mursik kutoka Turbo. Nilikuwa na vibuyu vitatu vimeiva hapa ukutani. Nilingoja hadi magari ya harusi yakapita, nikavimwaga kwenye chombo cha mbwa. Mbwa naye alikunywa kidogo akaondoka. Nilicheka peke yangu, kisha nikakaa chini pale pale.

Nimekuwa mpweke, Jebet. Naliandika neno hilo waziwazi kwa sababu kwenye simu nilikuwa nikikuambia "tuko salama", na hapakuwa na "tu" yoyote, nilikuwa mimi na ng'ombe wanne.

Nimemfikiria sana baba yako siku hizi. Ulikuwa darasa la pili, huenda hukumbuki, alipomgonga ndama wa watu kwa trekta giza likiingia. Hakuna aliyeona. Alikuja hapa akaegesha, akaniambia, akageuka kwenda kwa wenye ndama na mafuta bado mikononi. Nilimwambia, "Si unawe kwanza ule, ungoje kama wataulizia?" Akanijibu, "Nikinawa sitaenda." Nilimcheka. Nilidhani ni mtu asiyejua kuishi. Nilikuwa na mume aliyejua jambo moja kubwa kuhusu binadamu, kwamba ujasiri wake ni wa dakika chache, na mimi nikaliona kama kichekesho. Siku ile ya ramani nilinawa, nikala, nikalala, na tangu hapo kila siku imekuwa nzito kuliko iliyotangulia. Kama kuna kitu nataka uende nacho Lodwar ni hicho, na sikupi kama mtu anayekiweza. Nakupa kama mtu aliyekiona kikifanywa mbele yake akacheka.

Jingine ni hili, nalo nimelijua kwa kuchelewa. Nilikuwa nikidhani mbaya ni mtu anayepanga ubaya. Sikupanga chochote. Nilifurahi tu kwamba si mimi. Huko uendako utakuwa mgeni, na mgeni hujifunza upesi kufurahi kwamba si yeye: si yeye aliyefokewa na mwalimu mkuu, si darasa lake lililokosa madawati. Sikuambii usifurahi, huwezi kuuzuia moyo. Lakini ukiisikia ile raha ikipita, tazama upande ule mwingine uone imemshukia nani.

Sasa kuhusu kesho. Ni mkutano wa mwisho kabla ramani haijafungwa. Watu wamejipanga kuomba mstari usogezwe, au angalau wapewe njia ya chini ya barabara ya kupitisha ng'ombe na watoto. Wenye mradi watakuja na ripoti yao, watafungua ukurasa wa pili, na kuuliza, "Hawa si ndio walifurahi?" Nitasimama. Nitasema kwamba mursik ni adabu, si sahihi. Nitasema kwamba mtu mmoja tu katika kijiji hiki alionyeshwa ramani kabla ya mkutano, na ni mimi, na nilikaa kimya mwenye shamba akiwa ubavuni kwangu. Kwamba basi hakuna aliyekubali kitu, kwa sababu hakuna mwingine aliyejua kitu. Mwenyekiti wetu hajui kama nitasema. Mama Cherop hajui. Nitamwambia mbele ya watu wote kwamba sikushtuka siku ile, nilikuwa najua.

Huenda isisaidie. Huenda wakubwa wakaandika maneno yangu kwenye karatasi na karatasi ikapotea. Huenda hata wale wachache wanaonipa mkono wakaacha. Na wewe, uliyenitetea kwa sauti kubwa vile, utaonekana ulitetea uongo, na Cherop atakuwa na haki ya kukucheka. Kwa hilo nakuomba msamaha kabla ya mengine yote. Mpigie ukifika. Mwambie hukujua. Wewe ndiye uliyekuwa hujui.

Lakini huenda ikasaidia pia, na hapo ndipo penye jambo ambalo sikutaka ulisikie ukiwa mbali. Mstari ukisogezwa, unakuja juu. Nimeitazama nchi hii kutoka kila upande na hakuna mahali pengine pa kupita. Unapita zizini, unapita jikoni hapa nilipokaa, unapita kwenye chumba ulichozaliwa. Baba yako amezikwa kule juu kwenye miti, sidhani watamfikia. Nyumba wataifikia. Ninaenda kusimama kesho kuomba kitu ambacho kikikubaliwa kitatuondolea nyumba, na sikukuuliza wewe, ambaye nyumba hii ni yako kuliko ilivyo yangu. Nilijaribu kukuuliza jana tulipokuwa tukichambua mboga. Ulikuwa ukinieleza vile utakavyorudi Desemba upake ukuta wa sebule rangi ya maziwa. Nikakuuliza tu ni madebe mangapi yatatosha.

Ukikasirika, kasirika. Una haki, na nitaipokea simu hata kama ni ya hasira. Nimekaa bila watu kwa muda mrefu kiasi cha kujua kwamba sauti ya hasira ni kampani pia.

Ng'ombe wanaingia, nawasikia. Acha nimalizie hapa.

Kesho pale stage nitakukumbatia kidogo tu, kwa sababu nikikukumbatia sana nitapanda gari nawe, na nikipanda gari nitakuwa nimepata sababu nyingine ya heshima. Usigeuke kuniangalia. Nitakuwa nimeshaanza kutembea kwenda kwa chifu. Ukinipigia jioni, usiniulize kama Mama Cherop amenisamehe, wala usiniulize mstari umepita wapi. Niulize kama nilisimama. Na nikianza kukueleza habari za mvua na ng'ombe, ujue sikusimama, na usinikatie simu hadi nikuambie ukweli.

Mimi mama yako.